Mita Tatu za Papa Maketi

Alizaliwa wapi, mwaka gani, na babu yake alikuwa nani, hayo sitayasema. Sikuwahi kumuuliza, na hata ningemuuliza nadhani angenijibu kwa sentimita. Nitamwita kama tulivyomwita sote, Papa Maketi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza maketi: yale majengo madogo ya kadibodi na mbao laini ambayo wasanifu huyaweka mezani ili wenye fedha wayazunguke wakitikisa vichwa, kabla ya kwenda kuharibu mahali pa kweli.

Tuliishi mlango kwa mlango miaka sita, ghorofa ya tatu, upande wa Ganshoren, kaskazini-magharibi ya Brussels. Ni sehemu tulivu sana. Ukipiga chafya baada ya saa nne asubuhi jirani anaandika barua kwa mwenye nyumba, na ukipiga kabla ya hapo anaandika mbili.

Siku niliyohamia alinikuta ngazini nikihangaika na kochi, mimi na wanaume wawili wa kanisani kwetu. Alisimama mlangoni kwake na rula ya chuma mkononi, akatutazama tukisukuma, tukigeuza, tukitokwa jasho.

"Haitaingia," akasema.

"Shikamoo, Papa," nikasema, nikidhani salamu itamkumbusha adabu.

"Mulango iko quatre-vingt-trois. Kiti iko quatre-vingt-six. Haitaingia."

Akafunga mlango wake. Themanini na tatu haimezi themanini na sita: kochi halikuingia. Lililala ngazini, na barua kwa mwenye nyumba zikaanza kuandikwa. Kesho yake asubuhi akabisha hodi na bisibisi, akafungua miguu ya kochi, akaliingiza karibu peke yake, akairudisha miguu. Nilimkaribisha chai. Akasema hakuja kunywa chai, alikuja kwa sababu kochi lilikuwa limekaa ngazini pogo na usiku halikumpa usingizi. Huo ndio wema wa Papa Maketi. Ulikuwepo, ila ilibidi uupate kwa bahati, ukiwa umesimama kati yake na kitu kilichokaa vibaya.

Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo aliniita Dada Tanzania, na Kiswahili changu alikiona kama nguo ya Jumapili iliyovaliwa siku ya kazi. "Weye unasema kama redio," alinilaumu. Yeye mwenyewe alitoka Bukavu, na Kiswahili chake kilitembea na Kifaransa bega kwa bega. Namba zote alizisema kwa Kifaransa, maana alisema Kiswahili ni lugha nzuri ya kugombana lakini haifai kupimia.

Chini ya madirisha yetu kulikuwa na maegesho, lami tupu yenye mistari myeupe, na nyuma yake safu ya maduka saba yenye paa bapa. Yalijengwa zamani, wakati mabwana wa mipango walipogundua kwamba binadamu ameumbwa ili aendeshe gari hadi mlangoni pa duka. Miaka thelathini baadaye mabwana wa aina ileile, pengine watoto wao, wakagundua kwamba gari ni uovu na wokovu ni tramu. Reli mpya ingepita mbele yetu, kituo kingejengwa pale kwenye lami, na kila kitu kilichozunguka kituo kingebomolewa kwa furaha. Bango jekundu likabandikwa kutangaza mpango huo kwa Kifaransa na Kiholanzi, na katika lugha zote mbili lilikuwa limeandikwa kwa uangalifu mkubwa lisije likaeleweka.

Katika maduka yale saba, mawili yalikuwa matupu. Moja lilikuwa kanisa letu, ambalo zamani liliuza mazulia na bado lilinuka sufi. Kulikuwa na mahali pa kufulia nguo, na baa ya bibi mmoja Mfleming, Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, aliyewachukia wateja wote kwa usawa. Kulikuwa na bucha ya Mrundi mmoja wa Bujumbura, Mwislamu mpole, mwenye mizani ya kweli na nyama safi. Na kulikuwa na saluni ya Maman Coiffeuse, yaani Mama Msusi.

Maman Coiffeuse naye alitoka Bukavu. Alikuwa mjane, mnene, mwenye vidole vyepesi, na mdomo wake ulifanya kazi kwa kasi ya vidole. Alianza kusuka watu chini ya ngazi ya jengo fulani kule nyumbani, akiwa na kiti kimoja na kioo kilichopasuka. Saluni hii ya Ganshoren ilikuwa na viti vitatu, beseni la kuoshea nywele, na kofia mbili za kukaushia, na aliizungumzia kama mtu anayezungumzia mtoto aliyemsomesha mwenyewe hadi chuo kikuu.

Papa Maketi aliyadharau maduka hayo yote. "Ile iko masanduku ya viatu," alisema kila tulipopita. "Mufundi aliyejenga ile alikuwa na haraka ya kwenda kukula." Hata hivyo, kila Jumamosi ya pili alikuwa kwenye kiti cha katikati cha Maman Coiffeuse, shuka shingoni, akimwambia kwamba kioo chake kimeinama.

"Kioo haijainama. Kichwa yako njo imeinama," Maman alimjibu.

"Deux degrés, Maman," alisisitiza, maana kwake hata nyuzi mbili ni dhambi.

"Bon. Basi inamisha kichwa deux degrés, tulia, nikukate."

Hakuna mwingine aliyeweza kusema naye hivyo. Sisi majirani tulihesabu zile Jumamosi, tukakisia tunayokisia, na mke wa mchungaji alikwisha kuchagua hata kitambaa cha sare za harusi. Lakini hakuna kilichowahi kusemwa. Huwezi kumposa mwanamke kwa rula.

Chumba chake cha mbele kilikuwa karakana. Aliajiriwa na ofisi ya msanifu mmoja, mzee wa Kibelgiji wa kule Uccle kwenye miti na nyumba zenye majina, lakini kazi ndogondogo alizileta nyumbani. Mezani kwake nilijifunza dunia ya maketi ilivyo, na ni dunia nzuri sana, nawashauri wote wahamie huko. Ni mwezi wa Juni daima. Miti, aliyoitengeneza kwa maua makavu na sifongo, huota siku moja ikawa mirefu. Watu wote ni wembamba, wanatembea wawili wawili, na hakuna aliyebeba mfuko wa viazi. Hakuna mzee wala mjamzito. Hakuna mtu anayesubiri kitu.

"Papa," nilimuuliza mara moja, "hapa ni Brussels. Mbona hakuna mvua?"

Akafikiri kwa dhati, kama alivyofikiri juu ya kila swali la kipumbavu. "Mvua haina échelle," akasema. Hakuna namna ya kuipunguza kwa kipimo.

Uongo hakuuweza. Sisemi kwamba aliuchukia kwa sababu za dini; kanisani hakuingia ila mara mbili, kunyoosha mimbari. Hakuuweza tu, kama wengine tusivyoweza kupiga mluzi. Kwenye harusi moja aliombwa aseme maneno mawili ya baraka, akasimama, akasema keki inaegemea kushoto, akakaa. Siku moja mkaguzi wa komini, ile serikali ya mtaa, alikuja buchani akitaka kujua kama rafu ziko kwenye urefu unaotakiwa. Yule Mrundi, ambaye alijua haziko hivyo lakini alijua pia kwamba mkaguzi ni mvivu wa kuinama, akamwona Papa Maketi amesimama kwenye foleni, akamwambia kwa tabasamu, "Papa, wewe ni fundi, mwambie bwana huyu rafu ziko sawa." Papa Maketi akatoa rula. Bucha ikafungwa siku tatu.

"Wallahi, yule si mtu mbaya," Mrundi aliniambia baadaye, akijitahidi kuamini. "Ni kwamba Mungu alimpa jicho akasahau kumpa ukope."

Basi mpango wa kituo ulipotangazwa, ofisi iliyopewa kazi ya kuchora ilikuwa ileile ya msanifu wa Uccle. Na maketi ilitengenezwa, bila shaka, mlango ulio kando ya wangu. Miezi minne mtu huyu alikata, akabandika na kupaka rangi kifo cha mtaa wetu, huku akishuka kila Jumamosi ya pili kukatwa nywele ndani yake. Nilimwuliza kama hilo halimsumbui. Alinitazama kwa mshangao.

"Mi nafanya maketi. Sifanyi mipango."

Jibu hilo nimelisikia tangu wakati huo kwa watu wengi wa Ubelgiji, wenye vyeo mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyelisema kwa moyo safi kama yeye.

Lazima nieleze uzuri wa mpango wenyewe. Maegesho yangeondolewa, kwa heshima ya tramu. Mahali pake pangekuwa na uwanja, miti, mabenchi, na jengo la ghorofa tano lenye maduka chini. Na chini ya jengo hilo, kwa kuwa gari ni uovu, yangechimbwa maegesho mengine makubwa mara mbili kuliko yale ya kwanza. Ili magari yashuke huko kulihitajika njia ya mteremko, na mteremko huo ulipita nyuma ya maduka. Hapo ndipo palipokuwa na shida, lakini shida hiyo ilikuwa ndani, chini ya dari, na kwenye michoro mikubwa ya rangi yenye vijana wanaokunywa kahawa haikuonekana.

Mkutano wa wananchi ulifanyika saa kumi alasiri katika ukumbi wa shule, ili wananchi wanaofanya kazi wasipate taabu ya kuhudhuria. Tulifika kama sitini. Mbele alikaa bwana wa kampuni ya ujenzi, mwenye tai ya manjano na sauti kama ya mtu anayeuza bima. Pembeni yake alikaa msanifu wa Uccle, ndevu nyeupe, kiko mfukoni, ametulia. Katikati, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ilikaa maketi chini ya kifuniko cha plastiki, na nyuma yake, kwenye kiti cha peke yake, Papa Maketi katika suti ya kahawia. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuzuia vidole.

Bwana wa tai alizungumza dakika arobaini. Alitumia neno "pamoja" mara nyingi hivi kwamba tulianza kuangaliana. Kisha Maman Coiffeuse akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu cha sherehe.

"Monsieur, duka yangu mimi iko wapi pale?"

Bwana akashuka na kalamu, akagusa kifuniko. "Hapa, madame. Kila mfanyabiashara wa sasa atapewa nafasi ya kwanza, kwa kodi ya chini. Tazama: kioo kitupu, mwanga, mbele kabisa ya kituo. Mteja anashuka kwenye tramu, anaingia kwako."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Maman akakaa, akajipepea na karatasi ya maelezo, na nilimwona akihesabu viti vyake kwa midomo.

Ndipo Mrundi wa bucha akainua mkono. Alitaka kujua jambo dogo tu, kwa ajili ya chumba chake cha baridi: duka lina kina gani, kutoka kioo hadi ukuta wa nyuma?

"Mita nane," akasema bwana wa tai bila kusita.

Nyuma ya maketi mtu akakohoa.

Bwana akageuka, akaona suti ya kahawia, akatabasamu. "Au takriban. Nimeambiwa hapa kwenye maketi panaonekana padogo zaidi. Mabibi na mabwana, maketi ni kielelezo tu. Huenda fundi aliteleza kidogo na kisu."

Kama angesema jingine lolote, mambo yangeishia hapo. Angeweza kutuita wajinga, Papa Maketi angeendelea kukaa. Lakini alisema fundi aliteleza.

Papa Maketi akasimama. Alitoa kifuniko cha plastiki, akakiweka chini taratibu. Akashika jengo la ghorofa tano kwa vidole viwili, akalinyanyua lote, na tukaona maduka bila dari, safu ya vijumba vyembamba kama meno ya kitana. Akalaza rula ya chuma ndani.

"Quinze millimètres," akasema kwa Kifaransa, milimita kumi na tano, kwa ukumbi mzima. "Kipimo ni moja kwa mia mbili. Ni mita tatu. Sikuteleza. Nilipewa mchoro wenye mita tatu, nikakata mita tatu, kwa sababu nyuma yake magari yanashuka." Kisha akamgeukia Maman Coiffeuse, na sauti ikabadilika, ikawa ya Jumamosi. "Maman, ile haiko duka. Iko kabati ya vioo. Ukiweka kiti, na beseni, na muntu, weye utasimama wapi? Utasuka bantu ukiwa inje kwa mvua."

Ukumbi ukalipuka. Bibi Mfleming wa baa, ambaye hakuwahi kusema neno jema juu ya mgeni yeyote, alipanda juu ya kiti akapiga kelele kwa Kiholanzi, na wote tulimwelewa. Bwana wa tai alimtazama msanifu. Msanifu alitazama viatu vyake. Hakusema kitu, si kumtetea fundi wake wala kumkana. Alitoa kiko mfukoni, akakirudisha. Papa Maketi akarudisha jengo mahali pake, akalisogeza kidogo hadi likakaa sawa, akafunika.

Hakufukuzwa kazi. Kwao huko mtu hafukuzwi. Alielezwa kwamba kazi za maketi zimepungua, na zikapungua siku ya tatu baada ya mkutano.

Sisi tulimfanya shujaa, bila ruhusa yake. Mchungaji alimwombea kwa jina la kazi, akimwita Danieli wa milimita. Mrundi alimpelekea paja zima la mbuzi, rafu zikiwa zimesahauliwa. Papa Maketi alipokea paja mlangoni, akasema, "Mi sikufanya ile juu ya kuwasaidia. Walisema nilikata mubaya." Tulicheka tukidhani ni unyenyekevu. Sisi watu tukishaamua kwamba fulani ni mwema, hata yeye mwenyewe hawezi kutushawishi vinginevyo.

Mpango ulirudishwa kuchorwa upya. Ilichukua zaidi ya mwaka. Mteremko wa magari ukahamishiwa ubavuni, na maduka yakapata kina chake, mita nane kamili, vioo vitupu, mwanga. Ushindi mtupu. Kisha barua za kodi zikafika. Duka la mita nane mbele ya kituo cha tramu, iliandikwa, ni mali tofauti na lile lililoahidiwa mwanzoni, na ile kodi ya chini ilihusu lile la mwanzoni. Nafasi ya kwanza tulipewa, kama tulivyoahidiwa. Tulikuwa wa kwanza kushindwa.

Mrundi aliunganisha nguvu na shemeji zake wawili, akabaki. Kanisa lilihamia kwenye gereji. Bibi wa baa alikwenda kwa binti yake, akawachukie watu wa huko.

Jumamosi aliyopokea barua yake, Maman Coiffeuse alikuwa ananisuka mimi. Papa Maketi aliingia kwa zamu yake, akavua kofia, akaenda kukaa kiti cha katikati.

"Usikae," akasema Maman.

Akabaki ameinama nusu, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

"Nani alikuuliza?" Maman aliuliza. Mikono yake haikuacha kusuka, nami nilihisi kila neno kwenye ngozi ya kichwa. "Mi nilikuuliza? Siku ile, mbele ya bantu bote, mi nilikuuliza kupima duka yangu?"

"Ilikuwa trois mètres, Maman."

"Najua mita tatu! Mi nilisuka bantu chini ya ngazi. Mita tatu ningejipanga. Kiti moja pembeni, beseni nyuma, ningejipanga! Sikutaka kucheza mupira mule ndani."

"Lakini walisema huit mètres. Ilikuwa uongo."

"Ile uongo ilikuwa na bei ya kuweza," Maman akasema. "Ukweli yako mi siwezi kuilipa."

Nilimwona Papa Maketi kwenye kioo. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa hesabu ambayo kila mstari wake ni sahihi na jibu ni kosa. Akavaa kofia, akatoka. Hakurudi Jumamosi ya pili, wala ile nyingine, na baada ya hapo hapakuwa na saluni ya kurudia. Maman alihamia Matonge, mtaa wa Waafrika hukohuko Brussels, akakodi kiti kimoja katika saluni ya mtu kwenye Galerie d'Ixelles, yeye aliyekuwa na viti vitatu.

Papa Maketi alitengeneza makabati ya jikoni kwa muda, kisha naye akahama. Aliniachia ufunguo wa sanduku la barua na onyo kwamba dirisha langu halifungi vizuri. Sikumwona tena kwa karibu miaka mitatu.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika nyumba ya wazee kule Uccle. Ni nyumba ya heshima. Wazee wake wana mapiano ambayo hawapigi na watoto ambao hawaji. Mmoja wao alikuwa mzee wa ndevu nyeupe aliyepatwa na kiharusi. Nusu ya uso wake ilikuwa imelala, na maneno yalimtoka kama uji. Mimi ndiye niliyemlisha, kwa hiyo baada ya mwezi nilimwelewa. Uji nao una lugha yake. Nilikuwa nimemtambua tangu siku ya kwanza, kwa kile kiko, ingawa hakikuwashwa tena. Sikumwambia kitu. Alipewa chakula chake kikiwa cha moto kama wengine, na mnaweza kuuita huo ukarimu ama uvivu wa kugombana.

Alhamisi moja ya Novemba, nikiwa nimebadilishana zamu na mwenzangu, niliingia na sinia, nikamkuta Papa Maketi amepiga magoti chini ya kitanda, akiweka kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja.

"Dada Tanzania," akasema bila kuinuka. "Kitanda yenu inayumba."

Kumbe alikuwa anakuja kila Alhamisi kwa mwaka mzima, siku yangu ya mapumziko. Watoto wa msanifu hawakuja, wenzake wa ofisini hawakuja, na bwana wa tai ya manjano sidhani hata alijua mzee yu hai. Nilimwuliza inakuwaje aje kwa mtu aliyemwacha peke yake mbele ya watu.

"Yule muzee anajua mustari," akasema. "Na hana muntu wa kubishana naye."

Siku hiyo walikuwa wanabishana juu ya ukuta fulani wa jengo letu la kituo: mzee akidai ni wa matofali mekundu, Papa Maketi akidai ni wa matofali ya kijivu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kuliona likiwa limekwisha. Papa Maketi aliomba ruhusa ampeleke. Mkuu wa nyumba akakubali kwa sharti mfanyakazi mmoja aende nao, na mfanyakazi alikuwa mimi.

Tulisafiri zaidi ya saa nzima na kile kiti cha magurudumu, tukabadilisha tramu mara mbili. Upepo ulikuwa wa kukata. Uwanja ulikuwa umekamilika: miti myembamba kama mipini ya ufagio, imefungwa kwenye vigingi isitoroke, benki, duka la dawa, mahali panapouza mkate kwa bei ya kiatu, mabenchi yenye vyuma katikati ili mtu yeyote asije akajisahau akapumzika. Watu walisubiri tramu wakiwa wamebeba viazi. Ukuta ulikuwa wa zege. Papa Maketi akaukwaruza kwa ukucha, kana kwamba tofali limejificha ndani.

Mlango wa bucha ukafunguliwa, akatoka Maman Coiffeuse na mfuko wa nyama. Alikuwa bado anakuja kununua kwa Mrundi, kutoka kote kule Matonge. Alikuwa amepungua. Alituona, akasimama, na kwa jinsi alivyosimama nilidhani atageuka arudi ndani. Hakugeuka.

"Ule njo alichora?" akauliza, akimwangalia mzee kwenye kiti.

"Njo yeye," akasema Papa Maketi.

Mzee akatikisa midomo. Akasema jambo, polepole, na mimi niliyemlisha kila siku nililisikia neno kwa neno. Alisema: nina baridi, turudi nyumbani.

Maman hakuelewa. "Anasema nini?"

Papa Maketi aliinama, akaweka sikio karibu na kinywa cha mzee, ingawa mzee alikuwa amekwisha kusema. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliponyooka hakumtazama Maman usoni, alitazama mfuko wa nyama.

"Anasema, samahani," akasema. "Anasema, duka ile ilikuwa yako, haikuwa yake. Anasema, ilipaswa akuulize weye kwanza, mbele ya kufungua kinywa. Anasema, anafikiri ile siku zote. Kila Jumamosi."

Katika mkutano ule, kwa kadiri ninavyokumbuka, msanifu hakufungua kinywa hata mara moja.

Maman Coiffeuse akaniwekea mfuko mkononi, akafungua skafu yake ya sufi, akaizungusha shingoni mwa mzee, mara moja, mara mbili, akaipachika vizuri ndani ya koti, kwa vile vidole vyake vyepesi.

"Mwambie nimesikia," akamwambia Papa Maketi.

Akachukua nyama yake, akaenda kusimama upande wa pili wa reli, ambako tramu yake ingepita.

Yetu ilikuja kwanza. Tulimpandisha mzee, tukamweka karibu na dirisha, naye akalala kabla hatujafika kituo cha pili, kidevu ndani ya skafu. Papa Maketi alikuwa amesimama, ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Dada," akasema mwishowe. "Weye unaelewa maneno ya huyu muzee?"

"Naelewa, Papa."

"Na pale ulisikia alisema nini?"

"Nilisikia kama ulivyotafsiri," nikasema.

Akainama, akajishughulisha kufunga breki ya kiti cha magurudumu, ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa.